Somo la Okidi: Kuzilea Nyumbani na Kiasi cha Mwanga Zinachotaka



Baada ya somo letu juu ya kuondoa virukia katika mikarafuu, tulipata malalamiko ambayo hatukuyatazamia. Wanachama kadhaa walitueleza kuwa vijana waliopanda juu na mapanga walisafisha kila kilichoota juu ya tawi, wakaangusha na ile mimea yenye mizizi myeupe ambayo maua yake hunukia usiku. Mmoja wao alisema kazi mbaya ya vijana aliweza kuistahimili, lakini maneno aliyoyakuta nyumbani hakuyaweza, maana ua lile mama wa nyumba alikuwa akilingojea kila mwaka. Kosa ni letu sisi tulioandika, kwa kuwa hatukueleza tofauti. Mwezi huu twalipa deni hilo, na pamoja nalo twawajibu wale waliouliza kama mmea huo waweza kulelewa barazani. Jina lake ni okidi, na jibu ni kuwa waweza, ikiwa mtu atajifunza jambo moja kwanza, nalo ni mwanga.

Okidi si kirukia. Kirukia hupenyeza mzizi wake ndani ya mti na kunywa maji ya mti, na mwisho wake tawi lililokamatwa hukauka. Okidi hushika gome tu. Itazameni kwa karibu: mzizi wake hutambaa juu ya gome kama uzi mnene mweupe, na ukiubandua taratibu kwa kucha, utaona gome lililo chini yake ni zima halina jeraha. Maji yake ni ya mvua na ya umande, na chakula chake ni kile kinachoteremka na mvua pamoja na majani yaliyooza. Mkarafuu au mwembe ni ngazi yake ya kupandia, basi. Kwa hivyo anayekata virukia na akate, lakini akiona mizizi myeupe imelala juu ya gome, panga alirudishe alani.

Na ngazi hiyo yapanda kutafuta nini? Yapanda kutafuta mwanga. Okidi nyingi za mitini hazikai chini kwenye giza la migomba, wala hazikai kileleni kabisa jua linapopiga bila ya kizuizi. Hukaa katikati, penye jua la vipande vipande linalopita baina ya majani. Aliyekwisha kuotesha mikarafuu hahitaji kufundishwa jambo hili mara mbili. Mche mchanga wa mkarafuu ukiuanika juani siku ya kwanza, utaungua. Ukiuacha chini ya makuti mazito miezi yote, utarefuka bila ya nguvu. Ndiyo sababu twapunguza makuti ya kitalu kidogo kidogo mpaka mche uzoee. Okidi ni mche usiotoka kitaluni maisha yake yote, na kazi yetu ni kujua tu makuti yake yawe mazito kiasi gani.

Kwa anayeanza twapendekeza aina tatu, zote zenye asili yake Asia na visiwa vilivyo karibu nayo, na zote zaweza joto letu.

Ya kwanza ni dendrobi. Hii hutoa fimbo nyembamba zilizosimama, zenye vifundo kama vya muwa, na maua yake ya zambarau au meupe hupangana juu ya kikonyo kirefu. Ya pili ni falenopsisi, ambayo ndiyo inayouzwa sana madukani. Haina fimbo, ina majani machache mapana na mazito, na ua lake ni bapa mfano wa nondo aliyekunjua mabawa. Ya tatu ni vanda, yenye shina moja lenye majani pande mbili, na mizizi minene inayoning'inia hewani kama kamba za mashua.

Sasa tupime mwanga kwa kipimo tunachokijua. Kama jua la saa sita mchana, siku isiyo na wingu, ni pishi kumi, basi falenopsisi yatosheka na pishi moja au moja na nusu. Dendrobi yataka mbili na nusu hadi nne. Vanda ya majani mapana yataka tatu hadi tano. Iko na vanda nyingine, ya majani ya mviringo kama penseli, ambayo huzichukua pishi zote kumi bila ya kulalamika. Mashuhuri katika hizo ni ile iitwayo Miss Joaquim, ambayo Agnes Joaquim aliipata Singapore na maelezo yake yakatolewa mwaka 1893. Singapore iko karibu na ikweta kama sisi, na huko watu huifunga kwenye miti iliyosimamishwa uwanjani, jua tupu, ikachanua karibu mwaka mzima. Mwaka 1981 nchi hiyo ililifanya ua hilo kuwa ua la taifa. Mwenye uwanja usio na kivuli na aanze na hiyo, asihangaike na falenopsisi.

Mtu atauliza, pishi hizo nitazipimaje mimi nisiye na chombo? Chombo ni mkono wako. Wakati wa adhuhuri, unyooshe mkono juu ya mmea, kiasi cha sentimita 30 kutoka kwenye jani, utazame kivuli chake. Kivuli kikiwa na ukingo mkali, hata vidole vyahesabika, mahali hapo ni pa vanda, na dendrobi iliyozoea yaweza kukaa, falenopsisi itaungua. Kivuli kikionekana kuwa ni cha mkono lakini ukingo wake umefifia, hapo ni pa falenopsisi. Usipoona kivuli chochote, hapo ni mahali pa kuweka kiti, si okidi.

Twasema hivi kwa sababu wengi huiweka okidi ndani sebuleni, pembeni mwa kabati, kwa kuwa hapo yapendeza wageni. Jicho la mtu hudanganyika, kwani huzoea giza upesi, na chumba tunachokiona kina mwanga wa kutosha, kwa mmea ni usiku. Okidi haifi kwa haraka hapo. Hukaa miaka miwili, majani ya kijani kizito, mwenyewe akaisifu kuwa ina afya, na ua halionekani. Akaja akasema ameuziwa mmea tasa. Si tasa, ni njaa. Kwa mmea mwanga ndio chakula.

Sisi wenyewe tulikosea, na kosa letu tulitaje ili lisirudiwe. Tulinunua falenopsisi nne kwa muuzaji mmoja wa mjini, mwezi wa Juni. Kila chungu kilikuwa na karatasi ya maelezo iliyochapishwa Ulaya, nayo ilisema mmea upate mwanga wa dirisha la kusini. Tukatii. Tukazipanga katika baraza ya kusini, karibu na ukingo wa upenu. Kipupwe chote kikapita zikiwa katika kivuli kizito, zisitoe hata kikonyo kimoja. Ilipofika Novemba jua likaanza kuingia chini ya upenu, asubuhi kutoka upande mmoja na alasiri kutoka upande mwingine, na kabla ya mwaka kwisha majani ya mimea mitatu yalikuwa na mabaka meupe yaliyogeuka kuwa ya kahawia na makavu kama karatasi. Mmoja tu ulipona, nao ni kwa sababu ulikuwa nyuma ya mtungi.

Karatasi ile haikusema uongo. Ilisema kweli ya nchi nyingine. Ulaya, wakati wa adhuhuri, jua huwa upande wa kusini siku zote za mwaka. Sisi tuko baina ya nyuzi 5 na 6 na nusu kusini ya ikweta, na jua letu huhama. Kila mwenye nyumba ajua kibla chake kiko wapi, na kibla chetu visiwani ni kaskazini karibu sawasawa, basi na ashike hivi: tangu mapema Machi mpaka mapema Oktoba, jua la adhuhuri liko upande wa kibla, tangu mapema Oktoba mpaka mapema Machi, liko nyuma ya anayeelekea kibla. Katika siku za mpito hizo mbili lapita utosini kabisa. Kwa hivyo baraza ya upande wa kibla yapata jua wakati wa kusi na kipupwe, na ya upande wa kusini yapata jua wakati wa vuli na kaskazi. Hapana baraza hata moja kati ya hizo mbili ambayo mwanga wake ni ule ule mwaka mzima.

Mahali tunapopapenda kuliko pote ni baraza ya mashariki. Jua la asubuhi ni pole, nalo liko hapo katika miezi yote. Dendrobi na ikae ukingoni ilipate jua hilo mpaka saa nne hivi, na falenopsisi isogezwe ndani kiasi cha hatua moja au mbili, ipate mwanga bila ya jua lenyewe kuigusa. Baraza ya magharibi ndiyo ya hatari, kwa kuwa jua la saa tisa alasiri huja na joto la mchana wote. Atakayeitumia na aning'inize chandarua au makuti mepesi. Asiye na baraza aweke chini ya mwembe, upande wa mashariki wa shina. Chini ya mkarafuu wenye majani mengi mara nyingi ni giza mno kwa dendrobi, ila matawi ya chini yawe yamekwisha kupunguzwa.

Mahali pakishachaguliwa, jani litakuambia kama umepatia, na lenyewe lasadikika kuliko karatasi yoyote. Kijani kizito mno, na jani refu linalolegea, ni kusema mwanga haba. Kijani cha wastani kwa falenopsisi, na kijani chepesi kinachoelekea kidogo umanjano kwa dendrobi na vanda, ni kusema mambo ni mazuri. Jani likiwa la manjano kabisa, au likapata wekundu mwingi, lirudishwe kivulini. Tena mchana lishike jani kwa vidole: likiwa na joto kuliko hewa iliyolizunguka, linaanza kupikika, ondoa mara moja. Baka la jua ni kavu na halitambai. Likishakauka hubaki lilivyo, wala hapana haja ya kulikata. Lakini baka lililo laini na lenye maji, linalokua kila siku, si la jua, ni uozo. Hilo likatwe kwa kisu kilichopitishwa motoni, pamoja na kipande cha jani kizima, na mmea usimwagiwe maji juu kwa siku kadhaa.

Unapotaka kuhamisha kutoka kivulini kwenda penye mwanga zaidi, fanya kama kitaluni: kidogo kidogo, wiki mbili au tatu. Jani lililokulia kivulini huungua hata kwa jua ambalo ndugu yake aliyezoea hulichezea.

Kipupwe nacho kina kazi yake. Falenopsisi huanza kutoa kikonyo cha ua inapopata wiki kadhaa za hali ya hewa isiyopita nyuzi 26 hivi za Selsiasi, hasa usiku. Joto likizidi 28 mchana na usiku, huendelea kutoa majani tu. Kwetu nafasi hiyo ni Juni mpaka Agosti. Basi miezi hiyo isiwe ndani ya nyumba penye joto la jiko. Ilale nje barazani, ipigwe na ubaridi wa usiku. Lau tungaliyajua haya mwaka ule, tena tukaziweka upande wa kibla, pengine tungaliona ua.

Habari za maji ni fupi. Mzizi wa okidi una ganda kama sponji: ukiwa mkavu ni mweupe, ukinywa maji huwa kijani. Ukiwa bado kijani, usimwagilie. Ukiwa mweupe, mwagilia asubuhi, maji yapite yote na yatoke chini. Falenopsisi huenda ikataka maji kila siku tatu au nne, dendrobi karibu kila siku mbili wakati wa kaskazi, na vanda isiyo na kitu chungani yataka kila siku, na mara mbili upepo mkavu ukivuma. Wakati wa masika falenopsisi iwe chini ya upenu, kwani maji yakituama usiku katika moyo wa majani yake, moyo huoza, na ukioza mmea huo mara nyingi ndio umekwisha. Wenyewe wa mwituni huota umeinama pembeni mwa mti, maji yakateleza; ukiufunga juu ya gogo, uinamishe vivyo hivyo. Maji ya mvua ni bora. Ya kisima chenye chumvi yasitumiwe kabisa.

Udongo hautakiwi. Twasisitiza kwa sababu mkulima hudhani anafanya hisani akijaza udongo mweusi na samadi. Mizizi hii yataka hewa. Ndani ya udongo huoza mwezi mmoja. Chukua mkaa uliovunjwa vipande vya ukubwa wa ncha ya kidole gumba, uchanganye na makumbi yaliyokatwa vipande kama hivyo. Makumbi kwanza yarowekwe siku nzima, maji yamwagwe, yarowekwe tena, mpaka maji yasitoke rangi ya chai, kwani yana chumvi. Chungu kiwe cha udongo wa kuchoma, chenye matundu chini na pembeni, au kifuu kikubwa kilichotobolewa. Mbolea iwe ile ya kuyeyuka majini, robo kijiko cha chai kwa lita 4 za maji, mara moja kwa wiki na si zaidi, na mizizi iwe imekwisha kulowa kwa maji matupu. Samadi mbichi huunguza mizizi. Mkiona maji-moto wanapanda chungu kwa safu, geuzeni majani mtazame chini yake, maana wale hawaji bure. Wanafuga wadudu gamba pale, kama wanavyowafuga katika mikarafuu. Futeni kwa kitambaa na maji ya sabuni.

Fimbo kongwe ya dendrobi iliyopukutika majani isikatwe ikiwa bado ngumu, kwani yaweza kutoa ua tena, na chakula cha mmea kimo humo.

Wanachama wanaolima vanila wana okidi tayari, pengine bila ya kujua, kwa kuwa vanila nayo ni okidi ya kutambaa. Yake ni nusu kivuli, na iliyofichwa gizani hutoa majani tu kama ndugu zake. Njia ya kuliunganisha ua lake kwa kijiti ilivumbuliwa na Edmond Albius mwaka 1841 katika kisiwa cha Bourbon, ambacho leo huitwa Réunion. Alikuwa mtumwa, kijana wa miaka 12. Na mbegu za karafuu zetu nazo zilipitia huko huko, visiwa vya Bourbon na Mauritius, kabla ya kufika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19.

Limebaki neno juu ya okidi za kwetu. Pwani ya Afrika Mashariki ina ile kubwa ya manjano yenye madoa ya kahawia kama chui, ambayo mizizi yake husimama juu kama kapu na kudaka majani yanayoanguka, na ina ile nyeupe ya kijani inayonukia magharibi kwa ajili ya nondo wa usiku. Kuzing'oa msituni kupeleka nyumbani hatukushauri. Iliyong'olewa ikiwa kubwa hupoteza mizizi, na nyingi hufa kabla ya mwaka, na mbegu yake ni kama vumbi, haioti mpaka ikutane na kuvu maalumu, kwa hivyo kurudisha iliyopotea huchukua miaka mingi. Tena kuna sheria. Okidi zote zimo katika orodha za mkataba wa kimataifa uliotiwa sahihi Washington mwaka 1973, nayo Tanzania iliuingia mwaka 1979. Hazipelekwi nje ya nchi bila ya kibali, hata ile ndogo anayoiomba mgeni aiweke mkobani. Iliyo juu ya mkarafuu wako iache hapo hapo. Ikiwa tawi limeanguka lenyewe na upepo, ifunge kwa kamba ya usumba juu ya shina la mwembe, upande wa mashariki, kwa urefu ule ule iliokuwa nao, uimwagilie kila siku mpaka uone ncha mpya za kijani za mizizi zimeshika gome. Usumba utaoza wenyewe.

Dendrobi zetu mbili za ofisini zimetoa vichipukizi kumi na vinane juu ya fimbo zake, navyo vina mizizi ya kutosha kutengwa. Vitagawiwa Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa tatu asubuhi, kimoja kwa mwanachama, na wale walioangushiwa maua yao na vijana watatangulia. Kila mtu na aje na kifuu chake kilichokwisha kutobolewa, na makumbi yaliyokwisha kurowekwa mara mbili.